Ubao Ulipoishia

Mbuzi wa kwanza wa Shemasi niliyemwona alikuwa na miguu mitatu, na mkia hakuwa nao kabisa. Nilikuwa nimempelekea mke wake vitenge avishone, nikamkuta mbuzi huyo wa mbao ameegemezwa juu ya kabati, karibu aanguke. Nikauliza kwa adabu kama mguu wa nne umevunjika.

"Hapana kuvunjika," Shemasi akanijibu huku akikung'uta unga wa mbao kwenye ndevu zake. "Ubao uliishia pale."

"Sasa si ungekamata ubao ingine, uongeze muguu?"

Akanitazama kana kwamba nimemshauri aibe sadaka. "Mama, mule mu ubao mulikuwa mbuzi ya miguu tatu. Ule wa ine ningeutoa wapi?"

Nilikunywa chai yao nikarudi nyumbani, barabara tatu tu kutoka kwao, hapa hapa Butembo, mashariki mwa Congo, nikimhurumia yule mbuzi kuliko nilivyowahi kumhurumia mbuzi mwenye damu.

Sisi sote tulimwita Shemasi kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa nayo kanisani kwetu, na mke wake tukamwita Mama Shemasi. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa mabodi ya malori. Alijenga mbao za kubebea watu, viazi na ng'ombe, mpaka magoti yakakataa kupanda. Akakaa chini. Mtu mwingine angenunua kiti akakaa kimya. Yeye akaanza kukusanya vipande vya mbao vilivyotupwa na kuvikata maumbo ya kupamba nyumba: ndege, maua, wanyama, malaika, majani ya migomba. Alivikata kwa msumeno mwembamba kama uzi, aliouunda mwenyewe. Alitoa waya wa chuma ndani ya tairi lililoungua, akaupiga nyundo mpaka ukawa bapa, akauchonga meno kwa tupa, meno madogo hata ukipitisha kidole unadhani ni ulimi wa paka.

Msumeno wa namna hiyo unahitaji kupanda na kushuka bila kuchoka, na Shemasi alikuwa na magoti mabovu na mke mwenye cherehani. Nadhani mnaona hatari ilikokuwa.

Alifunga msumeno wake kwenye pedeli ya cherehani ya Mama Shemasi. Hakuiharibu, hilo lazima niseme. Alitengeneza mkanda ambao ukiuvuta huku cherehani inashona, ukiuvuta kule msumeno unakata. Walikubaliana kwamba asubuhi ni ya mama na alasiri ni ya baba, na majira ya harusi msumeno unapumzika. Yalikuwa makubaliano mazuri, ila unga wa mbao haukuwa umeitwa kwenye kikao. Uliingia kwenye makunjo ya nguo zetu zote. Bibi arusi mmoja wa mtaani kwetu alipiga chafya tangu alipoingia kanisani mpaka alipoulizwa kama anakubali, na mchungaji ilimbidi amuulize tena, maana chafya si jibu. Mama Shemasi hakugomba. Alisema tu, siku moja msumeno ulipokuwa ukiguguna ubao mgumu mbele ya wateja: "Miye niliolewa na shemasi, hapana na panya."

Naye Shemasi akacheka mpaka akaacha kukanyaga pedeli. Walipendana wale wawili kwa namna ya kukera.

Kazi yenyewe aliifanya kwa unyenyekevu ambao sijauona hata kwa wauguzi. Alichora umbo kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akalibandika juu ya ubao kwa uji mzito wa unga wa muhogo, unga ambao Mama Shemasi alikuwa ameutafuta kwa ajili ya chakula. Akitaka kutoboa ndani, kwa mfano nafasi kati ya mkono na kiuno cha mwanamke, alitoboa tundu kwa msumari wa moto, akafungua msumeno upande mmoja, akaupitisha tunduni kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, kisha akaufunga tena. Alikata polepole, ulimi ukiwa nje. Kingo zake zilikuwa safi mno. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Shemasi hajui kukata.

Shida ilikuwa ile imani yake. Ubao mmoja, kitu kimoja. Hakuna gundi, hakuna kuunga, hakuna kupunguza mchoro ili utoshe. Alianza upande mmoja, kwa kawaida upande uliompendeza, akaenda mpaka ubao ukaisha, na mnyama naye akaishia hapo. Tulikuwa na chui wasio na matako. Tulikuwa na tembo ambaye mkonga wake uliishia pale pua ya mtu ingeishia, akafanana na mjumbe fulani wa baraza la kanisa, na mjumbe huyo akalijua hilo.

Na ubao wenyewe hakuukubali kabla hujamweleza ulikuwa nini zamani. Ukimletea kipande alikushika mkono, akauliza kilitoka wapi, nani alikilalia, nani alikikalia. Kama hujui, alikurudisha ukaulize. Wakati huo huo hakujali kufuta yaliyokuwa juu yake. Mbao za malori zina maandishi, kwa hiyo Noeli moja alitengeneza malaika mwenye mabawa mapana ajabu na neno HATARI tumboni, kwa rangi nyekundu. Ugonjwa wa Ebola ulipoisha, vile vibanda vya kunawia mikono vikabaki vimelala kila kona, shemeji yake aliyekaa Mangina akamletea mbao zake gari zima. Shemasi akakata njiwa wengi wazuri, karibu wote na mikia. Alipokuwa akimpa mtu njiwa, alimweleza kwa uaminifu ubao ulikuwa wa nini. Watu waliweka njiwa chini na kurudi nyuma hatua moja.

"Haiko na Ebola, iko na sabuni!" alikuwa akisema, lakini walikuwa wameshafika barabarani.

Lazima niseme mapema alichokuwa anakitaka, maana bila hicho mtamwona kichekesho tu. Shemasi hakutaka utajiri wala sifa. Alitaka mtu mmoja atundike kazi yake ukutani kwa sababu ameipenda. Siyo kwa heshima, siyo kwa huruma, siyo kwa kuwa mkewe aliwashonea nguo kwa mkopo. Ukuta mmoja tu. Aliniambia hivyo akiwa anakwangua uji wa muhogo kwenye kobe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji, nami niliumia.

Alikaribia kuupata ukuta huo mara moja, na ulikuwa ukuta wa shule. Mkuu wa shule alimwomba ramani ya Congo, kubwa, kwa darasa la tano. Shemasi akapata ubao mzuri, ubao wa mlango wa duka uliokuwa umeona mengi, akaanza magharibi kwa sababu aliupenda mto unavyoingia baharini. Akakata mdomo wa mto kwa uangalifu, akakata Kinshasa, akazunguka Equateur, akateremka Kasai. Kila kichaka alikipa haki yake. Ubao ukaishia kabla ya Kisangani.

Akaipeleka hivyo hivyo. Watoto wa darasa la tano wakatafuta Butembo, hawakuiona. Wakatafuta Beni, Goma, Bukavu, hawakuona. Mmoja akaenda nyumbani akauliza baba yake kama sisi bado tuko Congo, na baba huyo alikuwa mtu wa kuamka vibaya. Alasiri vijana walikuwa wamejaa mlangoni kwa Shemasi wakisema amefanya balkanisation. Kwetu neno hilo si la mchezo. Mtu anaweza kukutukania mama mkazungumza, lakini akikuambia unaigawa nchi, jamaa zako huanza kukusanya nguo zako.

Chef wa quartier, yaani mkuu wa mtaa, akamwita ofisini. Mimi nilikwenda pamoja na Mama Shemasi.

"Papa Shemasi," chef akasema, ameikumbatia ramani, "Est iko wapi? Mashariki yetu iko wapi?"

"Ubao uliishia, chef."

"Ubao uliishia, ou bien kuko mutu alikutuma?"

"Nani anaweza kutuma ubao uishe?"

Chef akafuta jasho. Hakuwa mtu mbaya. "Bon. Donc utatengeneza Est."

"Ndiyo, chef. Nitaitengeneza."

Sote tukapumua. Tukamshukuru chef, wasingya, wasingya, tukarudi nyumbani na furaha. Na Shemasi akaitengeneza kweli, akaikata vizuri na maziwa yake yote na milima ya Ruwenzori, kwenye ubao mwingine. Kuunga hawezi. Akaenda shuleni akapiga msumari wa pili pembeni, akaitundika Est peke yake, imejitenga na Congo kwa nafasi ya kiganja, na tena chini kidogo kwa sababu ukuta haukuwa sawa.

Sitaeleza yaliyotokea siku ile. Mchungaji alimtetea, wazee wa kanisa wakamtetea, na mwishowe ramani zote mbili zikapelekwa jikoni kwa mpishi wa shule. Shemasi aliuliza tu kama zilichomwa pamoja au mbalimbali.

Mtu huyu aliyekataa kuuongezea ubao hata ukucha, mdomoni aliongeza bila haya. Kanisani kwetu asiye na pesa analeta sadaka ya shamba, mkungu wa ndizi, kuku, nanasi, na ibada ikiisha vitu vinauzwa kwa mnada pale uwanjani. Mnadi alikuwa Shemasi. Nanasi la kawaida yeye alilifanya nanasi la bustani ya Edeni. Kuku mwenye kikohozi alimsifu mpaka ukajiona mjinga kumkosa. Na yeye pia alitoa sadaka yake, jogoo wa mbao aliyeishia shingoni.

"Jogoo hii hapana kukata usingizi yako!" alikuwa akipaza sauti. "Hapana kula mahindi! Hapana kukimbilia kwa jirani! Nani ataikamata?"

Jogoo asiye na kichwa hawezi kukimbilia popote, hilo lilikuwa wazi. Mke wa mchungaji, mwanamke mwenye moyo laini, akamnunua. Jumapili iliyofuata jogoo akarudi, safari hii kama sadaka ya mke wa mchungaji. Shemasi akamnadi upya kama hajawahi kumwona maishani. Akanunuliwa na mzee mmoja, akarudi. Akanunuliwa na kwaya ya akina mama, akarudi na utepe. Kwangu alilala juma moja, watoto wakakataa kula mbele yake, nikamrudisha kwa Bwana. Kanisa lilipata bati jipya kutokana na jogoo yule, nafikiri, maana alikuwa anauzwa kila Jumapili bila kuisha.

Na kila Jumapili, alipomwona mezani tena, Shemasi alimpangusa vumbi taratibu kabla ya kuanza, kama mtoto aliyerudishwa nyumbani.

Kisha siku moja akaja mgeni wa Oicha, mkulima wa kakao, hakumjua mtu yeyote pale. Akamchukua jogoo, akamgeuza, akapitisha kidole kwenye manyoya ya mkia yaliyokatwa vizuri. Shemasi akaacha kupumua. Mimi pia niliacha. Mgeni akakohoa, akauliza:

"Hiki kifuniko ya sufuria, mukono wake iko wapi?"

Shemasi akamweka jogoo chini ya meza. Siku hiyo aliuza nanasi kwa bei ya kwanza iliyotajwa, na hakutaja Edeni. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniambia, bila kunitazama: "Batu ba huku bananipenda mingi. Njo shida. Mutu mwenye ananijua hawezi kupenda kuku yangu, anapenda miye tu. Toka leo, mwenye ananijua, simupatie kitu tena. Hata akilipa."

Na kweli. Mtu akifika kununua, aliulizwa kwanza kama anamfahamu Shemasi. Akisema ndiyo, alipewa chai, akasindikizwa. Kwa sababu Butembo nzima ilimfahamu, biashara ikafa siku hiyo hiyo.

Ndipo akaamua kuhamia Beni. Binti yao ni muuguzi kule, katika commune ya Ruwenzori, mtaa wa pale mjini, akawa na nyumba ndogo ya kuwapa. Miezi ile watu walikuwa wanapanda kutoka huko kuja kwetu wakikimbia vita, magodoro kichwani, kuku wamefungwa miguu, bibi wamebebwa mgongoni. Shemasi na mkewe peke yao wakashuka, na cherehani, na magunia mawili ya wanyama. Tulimwambia amerukwa na akili.

"Kule akuna mutu ananijua," akajibu, kana kwamba hiyo ndiyo habari yote ya Beni.

Mama Shemasi alinisimulia baadaye kwamba kwenye kizuizi mwanajeshi alifungua gunia, akatoa chui asiye na matako, akatoa mbuzi, akatoa tembo, akawapanga chini. Akauliza nani amewakata wanyama hawa namna hii. Shemasi akasema ni yeye. Mwanajeshi akafunga gunia mwenyewe, taratibu, akawaambia wapite.

Mimi nilikaa muda mrefu bila kuwaona. Mwaka huu njia ilipotulia kidogo nilishuka Beni na vitenge, nikauza, nikachukua pikipiki kwenda Ruwenzori kuwasalimu. Mama Shemasi alikuwa kwenye cherehani, amekonda. Shemasi alitoka nyuma ya nyumba na fimbo, ndevu nyeupe tupu, na kabla hata ya kunipa mkono akasema:

"Mama, balituibia!"

Nikashika kichwa. Nikaanza kumpa pole, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata mjukuu. Akanikalisha, akanieleza. Walikuwa kanisani. Mwizi akaingia kwa dirisha. Ndani kulikuwa na redio, kulikuwa na simu ya binti inachajiwa, kulikuwa na sufuria mpya. Mwizi hakugusa. Alibeba kinyonga wa mbao.

"Kinyonga peke!" Shemasi akasema, akinionyesha kidole kimoja. "Redio aliiona. Akaiacha. Mutu hanijue, sijamujua, akaona kinyonga, roho yake ikasema, hii." Chef wa cellule, mkuu wa nyumba zile, alipokuja kuuliza, Shemasi alimwomba kwa magoti yake mabovu asimtafute mwizi. "Mukimukamata, mutamuharibia. Muache atundike."

Shemasi alipoenda kututafutia ndizi, Mama Shemasi akainamisha kichwa kwangu. "Mwizi alisikia jirani anakohoa, njo alikamata chenye kilikuwa karibu. Jirani mwenyewe aliniambia. Ule muzee sijamuambia." Kisha akanionyesha dirisha. Mji mzima umefunga madirisha yake kwa vyuma, lakini lao lilikuwa wazi, na kwenye kizingiti kazi zake zimepangwa zikitazama nje. Tangu ile Jumapili, akitoka kanisani anaingia ndani mbio na fimbo yake kwenda kuangalia. Hakuna aliyerudi. "Sasa anaanza kuwaza. Posho nzima hajakanyaga pedeli. Juzi aliniuliza kama kinyonga kilikuwa karibu na dirisha. Akiacha kukata, atakaa tu, mama. Atakaa tu mpaka afe."

Posho ni juma kwetu. Juma zima msumeno haujalia. Niligeuka kutazama dirishani ili nisilie mimi.

Pale kizingitini kulikuwa na ubao mwembamba wa kukaushia kakao, rangi yake imekolea kama chai ya rangi. Ndani yake alikuwa amekata wanawake wanatembea kwa mstari, mizigo mgongoni, kamba zimekaza kwenye paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba. Wa mbele ubao ulikuwa umemwishia. Umebaki mgongo wake, mzigo, na kisigino kimoja kilichoinuka. Alikuwa anatoka. Nilimtazama na nikamtaka. Nasema ukweli, sikumhurumia mtu yeyote wakati huo, nilitaka ubao ule uwe wangu, uwe kwenye ukuta unaotazama kitanda changu, na mtu akija kuuomba nimfukuze.

Lakini mimi ninamjua Shemasi. Nikiomba, chai. Nikilipa, chai.

Nikaaga. Shemasi akanisindikiza mpaka penye pikipiki, akaniombea safari, akarudi nyuma ya nyumba kuoga. Nikamwambia kijana wa pikipiki azunguke nyumba zile turudi pale pale.

"Umesahau kitu, mama?"

"Hapana. Ninaenda kuiba."

"Eh! Mama, batatuchoma, miye na pikipiki yangu!"

"Basi usizime."

Nikapita kwenye ua wa jirani, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu, mwanachama wa kwaya, nikiwa nimeinama. Kitenge kikanaswa na mti, nikakivuta kikachanika. Nilipofika chini ya dirisha niliingiza mkono, ukawa mfupi. Ndani cherehani ikanyamaza. Mama Shemasi alikuwa ameuona mkono wangu ukipapasa. Kisha akachukua ile mita yake ya mbao ya kupimia vitambaa, akausukuma ubao taratibu mpaka ukagusa vidole vyangu, akaanza kushona tena kwa kelele nyingi.

Niliukumbatia nikakimbilia nyuma ya ua. Pale nikasikia cherehani imesimama mara ya pili.

"Mwizi!" akaita Mama Shemasi, kwa sauti ndogo kabisa, ya kumwitia mume peke yake, isiamshe hata kuku. "Baba, mwizi! Dirisha!"

Ndoo ikaanguka. Maji yakamwagika. Kisha nikasikia sauti ya Shemasi kutoka bafuni, sauti ile ya mnadani, imejaa sabuni na furaha:

"Alibeba ile gani?"